Nahodha Mlangoni

Vesna, Saskachewani
Jumanne, 12 Machi

Kwako Baba yangu mpenzi,

Shikamoo Baba. Natumaini barua hii itakukuta umekaa kwenye kiti chako cha dirishani, kifua kimetulia na kikohozi kimekuonea huruma. Sisi huku tu wazima. Baridi bado haijatuachia. Jana gari la Reinhold liligoma kuwaka mpaka nikalivuta kwa trekta. Lakini ng'ombe wamezaa vizuri, na theluji ya kando ya barabara imeanza kuwa chafu, kwa hiyo tuna imani kwamba Aprili ipo mahali fulani inatafuta njia. Msalimie sana dada Sandra na shemeji. Sandra akikusomea barua hii mwambie aisome yote, asiruke kurasa kama anavyofanya na magazeti.

Ameniambia kwamba matokeo umeshayapata, na kwamba ulipiga meza ukamwaga chai. Akasema pia kuwa matokeo matupu hayakukushibisha, unataka kujua nani alisema nini na nani alipangwa wapi. Kwa simu, Baba, mimi na wewe hatusikilizani. Mimi nikisema beki wewe unasikia keki. Basi nimepika kahawa, nimekaa mezani, nakueleza.

Ulipoondoka hapa Septemba uliiacha Korongo ikiwa timu ya hoki ya barafuni kweli kweli. Kufikia Krismasi ilikuwa msiba. Tulikuwa mkiani mwa ligi, na msimu huu vilabu vilikubaliana kwamba atakayemaliza wa mwisho atatolewa aipishe timu mpya. Ukumbi wa barafu usio na timu ni ghala la baridi tu, na halmashauri ilishatamka wazi: Korongo ikitolewa, hakuna tena barafu itakayogandishwa Vesna. Watoto wetu wangepelekwa Marlow Creek, mwendo wa saa nzima, wakajifunze huko kutuchukia sisi wenyewe.

Na ni hao hao Marlow Creek, timu iliyokuwa juu yetu kwa nafasi moja tu, waliotufunga tisa kwa moja. Tisa, Baba. Yule kocha aliyekuja baada yako, Bradwell wa mjini, aliacha filimbi juu ya benchi la chumba cha kubadilishia nguo akaenda zake, hata kwaheri hakusema. Wachezaji walidhani ameenda chooni.

Siku iliyofuata nilipita kituo cha mafuta cha Orest Kuzyk kununua maziwa, maana ng'ombe wetu ni wa nyama na maziwa yao ni ya ndama. Orest unamjua: hajavaa viatu vya barafu tangu shule ya msingi, lakini kwa mdomo hakuna kocha duniani anayemzidi. Kona ile ya kahawa ilikuwa imejaa, na kesi ilikuwa imeshafunguliwa. Orest alikuwa anamshitaki kipa. Alisema Clement si kipa, ni karani wa mapokezi, kila kisahani cha hoki kinachopigwa langoni anakikaribisha ndani na kukiuliza kimesafirije. Bibi Philomena Dubyk, aliyekuja kwa ajili ya tikiti yake ya bahati nasibu, akamwambia, "Orest, juzi nimekurushia funguo umeshindwa kudaka, leo unamsema mtoto wa watu?" Orest akajitetea kwamba yeye halipwi kudaka. Bibi akamjibu kwamba hata Clement halipwi.

Ndipo Waldemar, dereva wa basi la shule, akasema waache kumsumbua kipa, ugonjwa uko mbele yake. "Nahodha wetu akigeuka," akasema, "ni kama kombaini inageuka mwisho wa shamba. Akimaliza kugeuka, wenzake wameshavuna." Watu wakacheka, kisha wakaniona nimesimama pale na galoni la maziwa mkononi, mimi mwalimu wa shule, mke wa nahodha Reinhold. Kicheko kikakatika. Waldemar akainamia kahawa yake kana kwamba imemwita jina.

Ningeweza kulipa na kuondoka. Lakini nilikuwa nimekaa kimya tangu Oktoba, nikiangalia timu uliyoijenga inavyokufa, na kimya changu kikafika mwisho hapo mbele ya friji la maziwa. Niliwaambia kwamba hawajui wanachokisema. Kipa anayefungwa mabao tisa hakufungwa peke yake. Wachezaji wanaachwa kwenye barafu mpaka wanahema kama farasi, ndipo wanabadilishwa. Mabeki wanapanda wote, hakuna anayebaki. Na mtu mwenye mbio kuliko wote, Jovencio Abrigo, amekaa benchi tangu msimu uanze akilinda chupa za maji.

Orest akaguna. "Huyo Mfilipino wa Perlita? Mwepesi mno yule. Marlow Creek watampuliza tu."

"Kumpuliza lazima kwanza wamfikie," nikamwambia.

Walicheka tena, safari hii upande wangu, na Orest, ambaye hapendi kuchekwa kwenye kituo chake mwenyewe, akasema basi mwalimu achukue timu tuone. Alitania. Mimi nikamjibu kwamba nitaichukua. Maneno yalinitoka kabla sijayapima, Baba, lakini yalipotoka niliona yana uzito wake sawasawa. Nilikuwa sijamaliza kuweka maziwa kwenye friji nyumbani, mwenyekiti wa klabu akapiga simu. Hakuuliza kama nina uzoefu. Aliuliza kama Orest anasema kweli.

Reinhold alikuwa anasugua sufuria nilipomweleza. Alicheka mpaka akakaa chini. Akaniambia, "Uwanjani nitakuita kocha. Hapa jikoni utaniwia radhi, sufuria ni zako au zangu kwa zamu." Kisha akanyoosha lile goti lake la kulia kama anavyofanya siku hizi kila akisimama, akasema nitaiweza kazi ile kuliko wote waliowahi kuifanya. Halafu akakumbuka ni nani aliyewahi kuifanya, akasema, ukimtoa baba yako.

Nilianza kwa kupoteza. Mechi mbili za kwanza tulifungwa, lakini nne kwa tatu, kisha tatu kwa mbili, na ukumbini niliona watu wameacha kuondoka kabla ya kipindi cha mwisho. Niliwabadilisha wachezaji haraka haraka, wakapumua. Kwa habari ya kipa, kamati ilikuwa imeshamtafutia Clement mrithi kutoka Saskatuni, kijana anayetaka alipiwe hata mafuta ya gari. Nilikataa. Nilimwambia Clement mbele ya wenzake kwamba lango ni lake mpaka Machi, afungwe asifungwe. Aliinama kufunga kamba za viatu vilivyokuwa vimefungwa tayari.

Jovencio nilimtia kidogo kidogo kama chumvi, zamu mbili, zamu tatu. Kabla sijafanya hivyo mama yake alinifuata shuleni, amevaa sare yake ya nyumba ya wazee. Perlita ni mpole, lakini siku ile hakuja kwa upole. Aliniambia, "Mwalimu, mwanangu nilimtoa kwetu Iloilo ana miaka kumi. Barafu alikuwa hajaiona isipokuwa kwenye glasi. Ukimpanga, mpange kweli. Usimpange ili watu waseme mwalimu ana moyo mzuri." Nilimwambia moyo wangu si mzuri kiasi hicho, nataka pointi. Akatabasamu kwa mara ya kwanza, akaniachia bakuli la tambi.

Mechi yake ya kwanza walimwangusha mpaka kofia yake ya chuma ikamruka. Aliinuka. Wakamwangusha tena, akainuka, akakifuata kisahani kana kwamba wamekiazima tu kwake. Mara ya tatu waliyemlenga hawakumkuta. Alikuwa ameshapita, na kutoka kwenye ile pasi yake Nestor Baranyk, yule dereva wa lori la nafaka, akafunga. Tukashinda. Wiki iliyofuata tukashinda tena. Kufikia mwisho wa Februari Orest alikuwa anawaeleza wateja kwamba Jovencio ni wazo lake yeye, alilisema zamani, sema watu hawasikilizi.

Lakini Baba, wewe unajua mambo ya kikosi. Ukiziba tundu moja, maji yanakuonyesha lingine. Kadiri timu ilivyopata mbio ndivyo ilivyoonekana wazi ni nani hana. Mabao tuliyofungwa yalianza kupitia upande mmoja. Mechi ya Halbrook mshambuliaji mmoja, kijana tu asiye na ndevu, alimzunguka Reinhold mara mbili kwa njia ile ile, na mara ya pili nilimwona Reinhold anajua kabisa atapitwa wapi na mguu haumtii. Hakuna mtu ukumbini aliyezomea. Afadhali wangezomea.

Basi mji mzima ukawa na kesi moja: beki wa kwanza awe nani, nahodha Reinhold Friesen au Jovencio Abrigo. Posta, benki, kwenye foleni ya daktari wa mifugo, kila mahali. Orest, nilimshangaa, ndiye aliyekuwa wakili wa Reinhold. Alisema nahodha hatolewi siku ya vita, timu bila nahodha ni nyumba bila nguzo. Waldemar akamjibu kwamba nguzo iliyooza ndiyo inayoangusha nyumba. Walinuniana mpaka Waldemar akaanza kujaza mafuta ya basi mji wa pili. Wengine waliacha kubishana nikiingia, wengine walipandisha sauti makusudi ili nisikie.

Bibi Philomena hakuzunguka. Tulikuwa chini kanisani na akina mama wengine tunakunja pirohi za viazi na jibini kwa ajili ya mechi ya mwisho, mikono imejaa unga. Alinisogelea akasema, "Binti, nasema mimi kwa sababu wote hawa watakuzunguka. Mumeo ni mtu mwema. Angekuwa mbaya kidogo ingekuwa rahisi. Lakini goti lake limezeeka kabla yake, na Marlow Creek wana macho. Watapita kwake kama barabara kuu." Nilimjibu, labda kwa ukali kuliko heshima, kwamba kupanga kikosi ni kazi yangu. "Ndiyo maana nimekuambia wewe," akasema, "sikumwambia padre." Akaendelea kukunja.

Unaona tulipokuwa tumefika. Sisi na Marlow Creek tulikuwa na pointi sawa, sote mkiani, na mechi ya mwisho ilikuwa hapa kwetu. Anayeshinda anabaki, anayefungwa anatoka. Ingawa ni mahasimu wetu, niliwaonea huruma. Wao nao wana watoto.

Nyumbani wiki ile hatukuzungumza habari za hoki hata neno moja. Jioni Reinhold aliweka mfuko wa njegere za barafu juu ya goti akaangalia taarifa ya hali ya hewa. Tuliongea kuhusu ndama na kuhusu bomba lililoganda. Tulikuwa wapole mno, kama wageni waliokutana kwenye nyumba ya mtu. Mara kadhaa nilifungua mdomo nikauliza kama anataka chai.

Siku ya mechi watu walianza kuingia mchana. Walikaa mpaka kwenye ngazi, na mashabiki wa Marlow Creek walijaza upande wote wa kushoto na kengele zao za ng'ombe. Perlita alikuja na nusu ya nyumba ya wazee, waliovingirishwa mablanketi kwenye viti vya magurudumu, akawapanga mstari wa mbele nyuma ya kioo. Kisha timu zikatoka. Jovencio alitoka wa pili baada ya Clement, mahali pa beki wa kwanza. Na watu wakamwona Reinhold hakuvaa jezi. Amevaa koti la timu na kofia ya sufu, ameingia benchini na kushika kile kilango wanachopitia wachezaji wakibadilishana. Kazi ile kwa kawaida hupewa yeyote aliye karibu.

Halafu Orest akasema, kwa sauti iliyonifikia mpaka mgongoni, kwamba mwanamke huyu hana moyo. Na Bibi Philomena akamjibu kwa sauti ya kufika mbali zaidi, "Moyo anao. Ameuweka pale mlangoni."

Tulianza vibaya. Kipindi cha kwanza wakatufunga mawili, la pili baada ya kisahani kumgonga mchezaji wetu mwenyewe na kumkwepa Clement. Kengele zile zilinitoboa masikio. Wakati wa mapumziko sikuwa na hotuba, Baba. Niliwaambia tu kwamba Marlow Creek wamechoka na sisi hatujachoka, wakatazame watakavyoshika viuno. Kweli, kipindi cha pili walianza kushika viuno. Jovencio alichukua kisahani nyuma ya lango letu, akawapita wawili kama mtu anayepita kati ya matanuru ya moto asitake kuungua, akampa mwenzake, bao. Wale wazee wa kwenye viti walipiga kioo kwa fimbo. Kabla kipindi hakijaisha Nestor akasawazisha kwa shuti la chini ambalo nadhani hata yeye hakuliona.

Kipindi cha tatu sikumbuki kupumua. Clement aliokoa kwa mguu, kwa bega, na mara moja kwa uso wa kofia yake, na kila alipookoa Orest alikuwa akimwambia jirani yake, "Si nilisema huyu kipa?" Kisha refa akamtoa mmoja wetu dakika mbili kwa kosa la kumpiga mtu kwa gongo la kuchezea, tukabaki pungufu, na Marlow Creek wakatuzingira. Mshambuliaji wao mkubwa alipiga shuti ambalo lingevunja ukuta. Jovencio akajilaza mbele yake. Kisahani kilimpata juu kidogo ya kifundo cha mguu, ukumbi mzima ukasikia. Perlita alisimama. Jovencio akainuka, akakisukuma kisahani mbali kwa kiungo wetu, akaanza kuja benchini kwa mguu mmoja.

Sasa nisikilize hapa. Mchezaji mpya haruhusiwi kuingia mpaka anayetoka awe amefika. Akiwahi, ni adhabu, na adhabu nyingine wakati ule ingekuwa kaburi. Nestor alikuwa kilangoni anataka kuruka. Reinhold alikuwa amemshika jezi mgongoni kwa mkono mmoja kama mtu anayemshika mbwa wa kuwinda, na mkono mwingine uko kwenye komeo. Yeye hakuwa anamwangalia Jovencio. Alikuwa anaangalia ng'ambo ya barafu. Nilimsikia akisema taratibu, "Bado. Bado. Wanabadilishana wote. Bado." Kweli Marlow Creek, wakidhani tumekufa, walikuwa wanakwenda benchini kwao kwa pamoja, wametugeuzia mgongo. Gongo la Jovencio lilipogusa ubao wetu, Reinhold akafungua kilango na kumwachia Nestor, na akapaza sauti moja tu iliyomfanya kiungo wetu atupe kisahani mbele bila kuangalia.

Nestor alikuwa peke yake kutoka katikati. Dereva wa lori la nafaka, Baba, anayekula pai mbili kabla ya mechi. Nilidhani hatafika. Alifika. Alimlaza kipa upande mmoja na kukiweka kisahani upande wa pili, taratibu, kama mtu anayerudisha kikombe kabatini.

Tatu kwa mbili. Muda uliobaki tulilinda kwa meno. Filimbi ilipolia sikuona barafu tena kwa sababu ya watu. Orest alilia mpaka miwani ikaganda, akamkumbatia Waldemar, na Waldemar akatoka akawasha basi la shule na kuzunguka mji mzima akipiga honi, viti vyote vimejaa watu wazima. Pirohi zilikwisha zote. Kocha wa Marlow Creek alikuja kunipa mkono na macho mekundu. Nikamwambia msimu ujao waje kufanyia mazoezi kwetu. Mwenyekiti wa halmashauri, ambaye Desemba alikuwa anatuonyesha gharama za umeme, alisimama juu ya benchi akatangaza kwamba barafu ya Vesna haitayeyuka yeye akiwa hai. Mwili unayeyuka kabla ya barafu, Bibi Philomena akamwambia, lakini asante.

Tangu hapo, Baba, sifa hazinipi nafasi. Gazeti la wilaya limeandika habari za mwalimu aliyemweka mumewe nje ili kuuokoa mji. Padre amenitaja kwenye mahubiri ya Jumapili, akanilinganisha na Ibrahimu, mpaka nikatamani sakafu inimeze. Wazazi wa wanafunzi wangu wananipigia saluti. Na wewe, kupitia kwa Sandra, ukaniletea maneno ambayo nimeyangoja maisha yangu yote: kwamba kocha hana ndugu, na sasa umejua ulizaa kocha.

Kwa ajili ya maneno hayo ndiyo nimeandika barua ndefu hivi. Siwezi kukaa nayo kabla hujajua jinsi ilivyokuwa.

Mimi sikumtoa Reinhold. Niliingia chumba cha kubadilishia nguo nikiwa nimeamua kumpanga. Si kwa kuwa niliamini ataweza, nilijua hataweza. Nilijua kila alichokisema Bibi Philomena kabla hajakisema. Lakini nilikuwa nimemwona asubuhi ile akipaka mafuta viatu vyake vya barafu kwenye meza ya jikoni, na nikashindwa. Nilisimama mbele ya wachezaji, nikataja kipa, nikavuta pumzi nitaje mabeki, na jina lake lilikuwa limeshafika kwenye ulimi.

Akasimama yeye. Kamba za viatu hazijafungwa bado. Akawaambia wenzake, "Jamani, kocha na mimi tumeshaongea. Goti langu leo halifai, na kocha ameamua. Mahali pangu atasimama Jovencio, nami nitashika kilango. Atakayenionea huruma namfungia nje." Wakacheka. Jovencio hakucheka, alimwangalia Reinhold, na Reinhold akamwitikia kwa kichwa. Hatukuwa tumeongea, Baba. Hata nusu neno. Nilichofanya mimi ni kufunga mdomo na kuendelea kutaja waliobaki.

Kesho yake asubuhi tulipokuwa tunalisha ng'ombe nilimuuliza kwa nini. Aliendelea kutawanya nyasi. Akasema aliliona jina lake linakuja usoni kwangu. "Ungenitaja ningecheza, na tungefungwa," akasema, "na watu wangesahau kosa langu kufikia kiangazi, lakini lako wasingelisahau. Mimi nimebakiwa na msimu mmoja au miwili kwenye mguu huu. Wewe una miaka ishirini ya kufundisha. Nimepiga hesabu ya mkulima tu." Nikamwambia nitautangazia mji ukweli. Akakataa katakata. Alisema timu imemfuata kocha aliyeweza kufanya vile, na sasa kazi yangu ni kuwa kocha huyo, ili msimu ujao nisimhitaji mtu wa kusimama kabla yangu. Nimemwahidi. Na nimeona tangu siku ile kwamba naweza.

Mji nitauacha na hadithi yake, kwa kuwa ndivyo anavyotaka. Wewe siwezi kukuacha nayo. Tangu tuoane, katika barua zako zote, hujawahi kuandika jina la mume wangu. Huandika "mwenzako". Ulisema siku ya posa, na yeye alikuwa varandani anasikia, kwamba mtu aliyelelewa kwa sala na maziwa hawezi kuwa na roho ya mchezo. Hajawahi kunikumbusha neno lile. Sikuandikii ili kukulaumu, nawe ni baba yangu na mwalimu wangu wa kwanza wa barafu. Nakuandikia kwa sababu wewe ndiwe mtu pekee ninayemjua anayeweza kuelewa kikamilifu alichokifanya. Umekaa kwenye benchi lile miaka mingi. Unajua ni wachezaji wangapi uliowahi kuwatoa, na ni wangapi waliotoka wenyewe.

Sifa ulizonitumia nimezifungua, nimezisoma, nimezifurahia, na kwa heshima zote nakurudishia. Zina jina la mtu mwingine, na ningependa uliandike wewe mwenyewe, kwa mkono wako.

Bibi Philomena anakusalimia na anasema ukipona urudi, amechoka kubishana na watu wasiojua kitu. Orest anakusalimia pia. Atakueleza mechi kwa namna yake, usimwamini. Perlita anakuombea. Reinhold yuko nje ananyoosha uzio ulioinamishwa na theluji, ndiyo maana nimepata nafasi ya kuandika haya bila kuulizwa. Yeye hukusalimia kila siku, hata siku ambazo mimi husahau.

Jifunike vizuri, kunywa dawa, usimgombeze Sandra.

Mimi mwanao akupendaye,
Larysa Friesen